Aliinuka, Akacheka

Brathe yangu hakuanguka kutoka ghorofani. Alianguka kutoka juu ya trela lililosimama tuli, Mlolongo, saa kumi jioni, akifunga turubai. Alikuwa anavuta kamba kwa uzito wake wote, kama wanavyofanya matanboi wote, ikakatika. Akaenda kinyumenyume. Mita nne hivi, kisogo kwanza, chini ni lami.

Wenzake wanasema aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akacheka. Dereva akamnunulia soda. Akapanda matatu hadi kwangu Kitengela, analalamika tu kwamba kichwa kinamgonga. Nikampa vidonge viwili vya maumivu. Nikamwambia, "Bro, lala kidogo, utaamka poa."

Maneno hayo huwa nayasikia nikiwa peke yangu.

Saa tano usiku alitapika. Nikammulika na tochi ya simu, mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Daktari alinieleza baadaye: mshipa ulipasuka, damu ikawa inajikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuongea, kucheka, kunywa soda, masaa mazima, kumbe anakufa. Walifungua fuvu wakaitoa. Tungengoja asubuhi, saa hii ningekuwa naandika kitu kingine.

Kuhusu kampuni nina machache. Kuna sheria ya 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini, na inamtaka mwajiri aripoti ajali. Meneja akasema brathe ni kibarua tu, hayumo kwenye vitabu. Akatutumia elfu tano. Kofia ngumu zilikuwepo, nilijionea, zimetundikwa ofisini, safi kabisa. Ni za wageni.

Sasa ni miezi minane. Anatembea, anakula, anabishana kuhusu mpira. Lakini pua haishiki harufu tena. Juzi githeri iliungua mpaka jirani akabisha mlango, naye amekaa hatua tatu kutoka jikoni. Mtoto akilia, anapiga meza ngumi. Zamani huyu ndiye alikuwa anawabembeleza watoto wa ploti nzima. Mathe anasema tushukuru Mungu. Nashukuru, kweli, ila kuna siku namkosa mtu aliyekaa mbele yangu.

Anataka kurudi kazini. Jana aliniuliza kama nimefua ovaroli yake. Nikamwambia bado haijakauka.

Hii ni wiki ya tatu namwambia haijakauka. Hakumbuki.