Nilivyohamia Upande wa Boya

Kwa miaka mingi nilipiga picha za mashindano ya waokoaji wa baharini nikiwa mchangani, lenzi ndefu nimeielekeza kwenye mstari wa kumalizia. Wapiga picha wenzangu wa Gold Coast, mashariki mwa Australia, nao walikuwa hapo hapo, maana wahariri walitaka uso wa mshindi. Zilikuwa picha nzuri, na zililipa kodi ya nyumba. Siku hizi nazipiga nikiwa ndani ya maji yenyewe, ng'ambo ya panapovunjikia mawimbi, na ninachokitafuta kimebadilika kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Bahari tuliiona kila tukifungua mlango, lakini ilikuwa ya wavuvi na mabaharia. Sisi watoto wa kike tuliingia maji yakipwa, tukaokota kombe, tukarudi. Bibi akituona tumechelewa husema, "Bahari haishi zinge." Nilihamia Australia nikiwa mtu mzima, nami kuogelea sijui.

Klabu ya mtaani kwetu ilikuwa na sharti ambalo leo nalishukuru: hakuna kuingia na kamera katikati ya washindani bila kuwa mwokoaji kamili. Maana yake ni kupata nishani ya shaba, cheti cha msingi cha waokoaji wa Australia tangu 1910. Unaogelea mita 400 kwa chini ya dakika 9. Kisha, ufukweni, unakimbia mita 200, unaogelea 200, unakimbia tena 200, yote ndani ya dakika 8. Hadi 1980 wanawake hawakuruhusiwa kuipata na kulinda ufukwe kama wanaume. Nilianza upande wa watoto kwenye bwawa, maji kifuani.

Mama alipopata habari alinipigia simu.

"Mwanangu, kwa umri huu unakwenda kuogelea?"

"Ndiyo, mama. Nafundishwa."

"Basi wakufunge kamba."

Mama hakujua kwamba waokoaji wa kwanza walifungwa kamba kweli. Mwaka 1906, pale Bondi, Sydney, kulionyeshwa gurudumu kubwa lililokunjiwa kamba. Mwokoaji alijifunga mkanda uliounganishwa na kamba hiyo, akaogelea mpaka kwa anayezama, kisha wenzake wakawavuta wote wawili nchi kavu. Tarehe 6 Februari 1938 mawimbi makubwa yaliwakumba watu waliokuwa wamesimama kwenye fungu la mchanga hapo hapo Bondi, yakawasomba mamia kwa mara moja. Walikufa 5. Wengine wote waliokolewa, kwa magurudumu hayo, kwa mbao na kwa mikono mitupu. Mashindano yalizaliwa miongoni mwa waokoaji hao wa kwanza, ili vilabu vipimane nani anafika haraka kwa mtu aliye hatarini. Mpaka leo anayetaka kushindana lazima awe ametimiza saa zake za doria ufukweni, na kwangu hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote za mchezo huu.

Kazi yenyewe ya majini ina adabu zake. Kamera inakaa ndani ya kasha gumu lenye kioo cha mviringo mbele. Unywele mmoja ukilala kwenye mpira wa kuzibia, maji yanaingia na kamera imekwisha, kwa hiyo mpira ule naukagua kwenye taa kama anayechambua mchele. Kabla ya kupiga nalamba kioo, nakizamisha, nakiinua. Mate huyafanya maji yatandae badala ya kuganda matone. Kasi ya shata naiweka 1/1600 ya sekunde au zaidi. Lenzi ni pana mno, hivyo mtu asipokuwa karibu kiasi cha kumgusa, kwenye picha anakuwa kitone. Mikono inashika kasha, miguu ndiyo inayoogelea, imevaa mapezi. Mashua za makasia zenye wapiga makasia wanne na nahodha aliyesimama nyuma nazipisha mbali sana. Zina urefu wa karibu mita 8, na zikishapanda wimbi hazisimami.

Faida ya kwanza ni mwanga. Pwani hii jua huchomoza baharini, kwa hiyo asubuhi mpiga picha wa mchangani analikabili moja kwa moja. Mimi linanipiga kisogoni na kuangaza nyuso za wanaokuja.

Lakini aliyenibadilisha mimi ni mgonjwa. Katika shindano la kuokoa kwa boya la mkononi timu ina watu wanne. Mmoja, ndiye anayeitwa mgonjwa, huogelea mpaka kwenye boya lake, zaidi ya mita 100 kutoka ufukweni, akalishika na kuinua mkono. Hapo ndipo mwokoaji anapovaa mapezi na kuingia na boya refu la sponji, akamfungia mwenzake na kumkokota kurudi, na wawili waliobaki wanawapokea. Watazamaji humfuata mwokoaji. Mimi nipo kando ya mgonjwa. Namwona anavyohema, anavyogeuka kila wimbi linapokuja, halafu macho yanarudi ufukweni. Ni mwanariadha hodari, anaweza kurudi mwenyewe, lakini kanuni inamtaka angoje. Katika kungoja huko uso wake unakuwa uso wa kila mtu aliyewahi kungoja majini.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Nilikuwa huku Australia, simu haikunyamaza mpaka asubuhi. Walionusurika walikaa majini hadi kulipokucha, wengine wameshikilia magodoro. Pemba nzima ilifiwa. Mkono ukiinuka kwenye boya nawakumbuka, na nabonyeza kwa heshima ambayo mstari wa kumalizia haukuwahi kunidai.

Na bahari hii si ya maigizo. Kurrawa, ufukwe niupendao hapa Gold Coast, imechukua vijana watatu katika mashindano ya taifa, mwaka 1996, 2010 na 2012. Ndiyo maana washindani huvaa fulana za rangi kali, waonekane kwa mbali wakizama. Nikiwa majini, jicho la mwokoaji linatangulia na kamera inafuata. Nahesabu vichwa wimbi linapopita. Kichwa kisipotokea, naiachia kamera ining'inie kwenye kamba yake.

Picha za mgonjwa magazeti hayazinunui sana, na sijali. Mwalimu wa vijana klabuni amebandika sita za mfululizo ukutani, kuanzia mkono unapoinuka hadi boya linapofungwa, na huwauliza wanafunzi wapya: hapa anatazama wapi, na wewe ungemfikia upande gani asikushike shingo? Wanabishana vizuri. Sasa anataka mfululizo wa pili, wa uokoaji kwa ubao, tena siku ya mawimbi makubwa, maana kupakia mtu kwenye ubao ndiko kunakowashinda wengi. Nimeshaomba ruhusa ya kukaa kwenye boya la mwisho msimu ukianza, pale mkondo unapovuta kuliko kwingine, na mapezi mapya nimekwisha kununua.