Mashindano ya Besi Yakitazamwa kutoka Machakos

Kwa shabiki wa uvuvi wa mashindano aliyeko Machakos, mchezo wenyewe kwa miaka mingi ulikuwa majina na namba tu. Nakumbuka jinsi matokeo ya Bassmaster Classic, fainali kubwa ya uvuvi wa besi nchini Marekani, yalivyotufikia yakiwa yamepoa: jina la mshindi, jumla ya ratili, na picha moja ya mtu aliyeinua samaki wawili mbele ya umati. Aliwanasa wapi, kwa chambo gani, wangapi walimponyoka, hayo tuliachiwa tuyakisie. Wala hatukuona ajabu. Watu wa Ukambani waliokulia zama za Sauti ya Kenya waliifuata Safari Rally vivyo hivyo: gari linapita mbele yako kwa sekunde chache, vumbi linatua, kisha unategea redio ikuambie nani anaongoza. Siku hizi mashua zikiondoka gatini Alabama saa moja asubuhi wakati wa kiangazi chao, Machakos ni saa tisa alasiri, na mwenye bando la kutosha anaweza kuandamana na mvuvi mmoja hadi usiku, samaki kwa samaki. Ukiuliza ni nini kilichoubadilisha mchezo huu, wengi watakutajia pesa, au injini za nguvu za farasi 250, au mitambo ya kumwona samaki chini ya maji. Mimi naona ni ushahidi: mahali ambapo samaki anathibitishwa kuwa amevuliwa kihalali, na nani anaruhusiwa kuuona uthibitisho huo. Mengi ya hayo mengine yalifuata nyuma.

Tuanzie kwa Ray Scott, muuza bima wa Montgomery, Alabama, aliyeandaa mashindano yake ya kwanza Juni 1967 katika ziwa la Beaver, jimbo la Arkansas, wavuvi 106 wakishiriki. Wakati huo mashindano ya uvuvi yalikuwa na sifa mbaya. Mtu angeweza kuja na samaki aliyenunuliwa, au aliyefungiwa majini tangu juzi, na nani angembishia? Dawa ya Scott haikuwa ngumu: aliwapanga wavuvi wawili wawili kwa kura, watu wasiojuana, ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake, kisha wote wakarudi kwenye mizani moja. Mwaka 1971 alipoanzisha Classic alikaza zaidi. Wavuvi 24 walipandishwa ndege bila kuambiwa waendako, na wakiwa angani ndipo walipojulishwa kwamba ni ziwa Mead, Nevada, ili asiwepo aliyetangulia kwenda kupeleleza maji. Bobby Murray alishinda na kupokea dola 10,000. Mpango huo ulikuwa mzuri, ila ulimwacha shabiki nchi kavu. Alichopewa ni jukwaa, mizani na hadithi ya mvuvi mwenyewe, na hadithi ya mvuvi, kila mtu anajua, hupimwa kwa mizani nyingine.

Gharama ya ushahidi wa namna hiyo alikuwa akiilipa samaki. Ilimradi uthibitisho uko jukwaani, besi hana budi kufikishwa jukwaani. Scott mwenyewe aliliona hilo mapema, na kuanzia mwaka 1972 akahimiza samaki warudishwe majini wakiwa hai; mvuvi aliyeleta samaki mfu akawa anakatwa uzito. Mashua zikawekewa matangi yanayopigwa hewa. Ni hatua kubwa, na heshima anayopewa kwa ajili yake si ya bure. Lakini mtazame huyo samaki kwa karibu. Amenaswa saa mbili asubuhi. Anabanwa kibanio cha rangi mdomoni, kwa sababu mvuvi anaruhusiwa kubaki na watano tu, naye lazima ajue upesi ni yupi mwepesi kuliko wote, ili akipata mkubwa zaidi amtoe huyo. Anashinda ndani ya tangi, mashua ikirukaruka juu ya mawimbi kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Mchana anahamishiwa mfukoni, anasubiri kwenye foleni, anapandishwa jukwaani, anainuliwa watu wapige picha, ndipo anaachiwa, mara nyingi mbali na pale alipotoka. Wengine hawapati nguvu tena. Tuliokuwa tukizifurahia picha zile hatukuwa na habari kwamba yote hayo yalifanywa ili sisi tuamini.

Kamera ndiyo iliyovunja ulazima huo. Vipindi vya uvuvi vilikuwapo televisheni muda mrefu, lakini vilikuwa vimekatwakatwa na kutiwa muziki, na vilioneshwa wakati bingwa ameshatumia zawadi yake. Katikati ya miaka ya 2010 wapiga kamera walianza kukaa ndani ya mashua za wanaoongoza na kurusha picha papo hapo. Kwetu Kenya hayo yasingekuwa na maana yoyote kama nyaya za chini ya bahari zisingekuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, Seacom na TEAMS, maana kabla ya hapo kutazama video ya dakika tatu kulihitaji subira kuliko uvuvi wenyewe. Kisha mwaka 2019 shirika la Major League Fishing lilianzisha mashindano ya Bass Pro Tour kwa kanuni ambayo Scott asingethubutu kuiweka: mwamuzi anakaa ndani ya mashua, samaki anapimwa palepale kwa mizani ya mkononi, uzito unaingia kwenye orodha ambayo shabiki anaiona hapohapo, na samaki anarudi majini mahali alipotoka. Hapandi jukwaani wala hafungwi tangini. Sifa za mabadiliko hayo hupewa uhifadhi, na ni haki. Lakini nia ya kuhifadhi ilikuwapo tangu 1972. Kilichokosekana ni njia ya kumridhisha mtu asiyekuwapo.

Wapo wanaosema uhondo umekwisha. Zamani, wanasema, mvuvi aliweza kupanda jukwaani na mfuko mzito ambao hakuna aliyeutarajia, na uwanja mzima ukasimama. Sasa kila kitu kinajulikana kabla. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza, maana Classic yenyewe imeendelea na mizani yake ya jukwaani na zawadi ya dola 300,000 kwa mshindi, na bado watu wanajaa. Hata hivyo, wanaoitoa wanasahau kwamba uzito unaotangazwa wakati mashindano hayo yakiendelea ni makadirio, na wapo wavuvi wanaokadiria kwa ubahili. Kwa hiyo jukwaa bado linaweza kushtua. La pili ni kubwa zaidi. Mshtuko wa jukwaani ulikuwa wa dakika moja, nao ulitokana na kutojua. Anayetazama sasa ana wasiwasi wa aina nyingine: anamwona mtu aliyeongoza jana akikaa saa nne bila kuguswa, akibadilisha chambo, akihama ghuba, akirudi ghuba ileile, na anaiona hukumu yake ikianza kuyumba. Wepesi wa Kevin VanDam, aliyetwaa Classic mara 4, ulisimuliwa kwa miaka kama hadithi ya ukoo. Anayewatazama waliomfuata anaweza kuhesabu mwenyewe wanarusha mara ngapi na wanaacha nini.

Hoja ya udanganyifu inakwenda upande wangu moja kwa moja. Septemba 2022, katika mashindano ya ziwa Erie yaliyopimwa Cleveland, Ohio (ya aina nyingine ya samaki, si besi), wavuvi wawili walikuwa wameshaongoza kwa uzito. Mwandalizi aliwatazama samaki wao, akaona ni wadogo kwa uzito huo, akawapasua mbele ya watu. Ndani mlikuwa na vipande vya madini ya risasi na minofu ya samaki wengine. Wenye hatia walikiri mahakamani mwaka uliofuata na kufungwa siku 10. Angalia vizuri kilichotokea: mizani haikuwanasa. Mizani ilisema sawasawa ilichowekewa, na ingewapa zawadi. Walinaswa na jicho la mtu, na video za simu zilizopigwa pale gatini zikaufikisha ushahidi dunia nzima, Machakos ikiwemo, kabla jua halijachwa mara ya pili.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la sona. Tangu mwaka 2018 mitambo inayoonesha samaki akielea mbele ya mashua, na chambo kikimshukia, imeenea kwa kasi, na kamera za moja kwa moja zimetuonesha matokeo yake bila huruma: kijana amesimama mbele ya mashua, kichwa kimeinama, macho kwenye skrini, saa nane mfululizo, maji yenyewe hayatazami. Kama hivi ndivyo kamera ilivyotuletea, anauliza mpinzani, si bora tungebaki na picha ya jukwaani? Nami nakubali kwamba haipendezi kutazama. Mara nyingine mtu analipia bando kumwona mwenzake akitazama simu kubwa. Ila kosa la kinachooneshwa lisihamishiwe kwa anayeonesha. Chini ya utaratibu wa zamani mitambo hiyo ingeingia kimyakimya, nasi tungeendelea kusifia vipaji vya wavuvi. Ni kwa sababu mashabiki waliona, wakalalamika, ndiyo maana naamini kanuni zilikuja haraka: kwa msimu wa 2025 waandalizi wa Bassmaster waliweka ukomo wa mtambo mmoja wa aina hiyo kwa wakati mmoja na wa ukubwa wa skrini, nao Major League Fishing wakairuhusu katika kipindi kimoja tu kati ya vitatu vya siku.

Linabaki swali ambalo mtu wa Machakos ataulizwa na jirani yake kabla ya yote hayo: unamvuaje samaki halafu unamwachia? Samaki ni kitoweo. Wavuvi wa bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, hawatii ndoana majini ili kupiga picha. Na anayedhani besi ni habari ya Marekani tu aende Naivasha. Aliletwa huko mwaka 1929 kwa ajili ya starehe ya wapenda uvuvi, akamkuta samaki mmoja mdogo mwenyeji, ambaye mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962. Uvuvi wa biashara ulianza 1959, kamba wekundu wa Louisiana wakaongezwa 1970, na kuanzia 2001 karpu akaonekana na hatimaye akajaa nyavuni kuliko wote. Kumrudisha besi kwenye ziwa kama hilo si uhifadhi wa chochote cha asili, na Mmarekani anayetuhubiria kuachia samaki kila mahali hajui historia ya maji yetu. Lakini pingamizi hilo linaipinga desturi ya kuachia, haliupingi ushahidi wa kamera. Samaki akishapimwa ndani ya mashua mbele ya watu wote, jukwaa halina tena haja naye, na waandalizi wako huru kuamua kwa kutazama ziwa lao: huko Alabama arudi majini, na mashindano yakiandaliwa Masinga, ambako mwamuzi atakuwa na mamba wa kuangalia pia, karpu apimwe, aoneshwe, alazwe kwenye barafu na kupelekwa sokoni Machakos jioni hiyohiyo.