Songwa: Siku Tope Lilipotembea

Tulifika Songwa, wilayani Kishapu, tukiwa watano wa kikundi chetu cha kanisa, na kapu la dawa na michembe ya njiani. Nchi ya huko ni tambarare. Ukiona kilima upande wa Mwadui, jua ni mabaki ya mawe yaliyochimbwa tangu Williamson alipogundua almasi mwaka 1940.

Mama mwenyeji wetu alitupokea kwa "Mwangaluka, mayu!" kisha akatupeleka upande wa vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze. Huko ndiko tope lilikokwenda Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la majitope la mgodi ulipopasuka. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Lakini nyumba, mashamba na malisho vilifunikwa.

Tope hutembeaje? Mawe yenye almasi husagwa na kuoshwa, na maji machafu hupelekwa bwawani. Juu hukauka na kuwa gumu, chini hubaki laini. Katika milima ya Ulaya theluji nayo hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka gumu likikaa juu ya lililo dhaifu, hatua ya mtu mmoja yaweza kuporomosha theluji ya mteremko mzima. Macho huona usalama, kumbe hatari iko chini.

Mama yule alituambia, "Niliacha chungu mekoni. Nilishika watoto tu." Tukanyamaza. Kila mmoja wetu aliwaza angeshika nini kwanza.

Tusidhani haya ni ya wenye migodi peke yao. Desemba 3, 2023, mvua iliteremsha tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 walifariki. Basi sisi tunaokaa chini ya milima, mabwawa au vifusi vya machimbo, tuyashike haya:

Ukiona nyufa mpya ukutani, au maji ya tope yakichuruzika chini yake, mwarifu mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo. Ukisikia mngurumo, usikimbie kufuata bonde. Kata kando, panda palipoinuka. Usirudie godoro wala kuku. Kubalianeni nyumbani mapema mtakutana wapi, na nani atambeba bibi.

Tope likishatulia, watoto wasichezee juu yake, kwani ganda lililokauka laweza kuwameza. Kisima kilichoingiliwa kisitumike mpaka maji yapimwe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini.

Jioni tuliomba pamoja chini ya mti. Mwenyeji wetu hakuomba nyumba wala shamba. Aliomba watoto wake wasiogope tena mvua. Tuliitikia Amina, na tuliporudi makwetu kila mmoja alikaa na watoto wake kuwaonyesha njia ya kukimbilia. Nawe, mama, fanya hivyo leo kabla ya kulala.