Maji Nayo Yatadaiwa Wafu Wake



Mimi ni mjane wa Bukoba. Jumatatu jioni, tarehe 20 Mei 1996, mume wangu alipanda meli ya MV Bukoba kuvuka Ziwa Victoria kwenda Mwanza na mikungu yake ya ndizi, kama alivyozoea. Meli ilipita Kemondo, ikaongeza watu na mizigo. Jumanne asubuhi, Mwanza ikiwa karibu, ikapinduka. Meli hiyo ilikuwa ya abiria 430. Waliokuwemo walizidi hapo kwa mbali, na kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa popote, mpaka leo hakuna anayeijua hesabu kamili ya waliokufa. Wengi hutaja 800 na zaidi. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Maiti nyingi zilizikwa Igoma, Mwanza. Ya mume wangu haikutambuliwa.

Msiba usio na maiti ni mzito namna yake. Hakuna kuosha, hakuna jeneza, hakuna kutupa udongo. Watoto huendelea kuuliza baba anarudi lini, na wewe mwenyewe, ukisikia hatua uani, moyo unaruka. Kuna habari iliyonitesa kuliko zote. Meli ikiwa bado inaelea kichwa chini, walisikika watu wakigonga kutoka ndani. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe, lakini hewa iliyokuwa imebaki mle ikatoka, nayo meli ikazama pamoja nao. Nililala na sauti ya kugonga, nikaamka nayo. Nilijiuliza kama naye alikuwa miongoni mwao, na kama aliniita.

Waliokuja kunipa pole waliniambia, "Mama, ni mapenzi ya Mungu. Usilie sana, Mungu atachukia." Walisema kwa upendo, nami siwalaumu. Ila neno hilo lilinifunga kinywa. Ikiwa Mungu ndiye aliyeipindua meli, ningemwomba vipi anilindie watoto? Jumapili iliyofuata ilikuwa Pentekoste. Wenzangu walikwenda kanisani, mimi nikabaki ndani na mlango nimeufunga. Tangu hapo niliacha kusali kwa muda mrefu.

Aliyenifuata huko alikuwa mama mmoja mzee, wa wale ndugu wa uamsho ulioingia kwetu kutoka Rwanda na Uganda kabla ya uhuru. Hakuja na mahubiri. Alikuja na jembe. Alipalilia kibanja changu, akapika, akawaogesha watoto, akalala chini pamoja nami matanga yalipokwisha na watu wote wametawanyika. Siku niliyomwambia kwamba sina tena neno la kumwambia Mungu, hakushtuka. Alinifungulia Zaburi ya 88, akaniambia, "Mwanangu, soma hii mpaka mwisho."

Nilisoma. Zaburi nyingi za kilio humalizika kwa sifa, lakini hii humalizika gizani. Anayelia humo analalamika kwamba amezidiwa na maji na ametengwa na wapendwa wake, na hakuna mstari unaomkemea. Nilishangaa kukuta kilio changu ndani ya Biblia, kimehifadhiwa kama Neno la Mungu. Usiku ule nilisali tena. Ilikuwa sala ya hasira na machozi, lakini ilikuwa sala.

Tulisoma pia Yohana sura ya 11. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimlalamikia Yesu kwamba angefika mapema ndugu yao asingekufa. Yesu hakuwafukuza. Alikwenda nao kaburini, akalia, ingawa alijua anakwenda kumfufua Lazaro. Hapo ndipo nilipoujua moyo wa Mungu kuhusu mume wangu. Meli ilijazwa na mikono ya wanadamu kupita uwezo wake. Nilikataa kumbebesha Mungu dhambi hiyo, na nimekataa mpaka leo. Mungu ninayemwamini alikuwa pamoja na wale waliokuwa wakigonga gizani, kwa sababu Mwanawe mwenyewe alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa.

Bado nilikuwa sina kaburi. Hilo nalo lilipata jibu, katika Ufunuo sura ya 20, ambako Yohana anaona siku ambayo bahari nayo itadaiwa wafu wake, nayo itawatoa. Ziwa letu, ambalo sisi Wahaya tunaliita Lweru, halitabaki na mtu wangu milele. Mungu anajua alipo, hahitaji jiwe lenye jina. Tumaini langu limekaa juu ya ufufuo, na ndilo lililonipa nguvu za kulima, kuuza na kusomesha watoto.

Sijapona kiasi cha kusahau. Mwezi Mei ukifika bado naumia. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani hapa hapa Bukoba na watu 19 wakafa, yale ya zamani yote yaliamka. Lakini safari hii nilijua la kufanya. Nilikwenda kwenye nyumba ya msiba, nikateka maji, nikaosha vyombo, nikaketi karibu na mama aliyefiwa. Sikumwambia asilie. Aliponiuliza Mungu alikuwa wapi, nilimshika mkono, nikamwambia amuulize Mungu mwenyewe, kwa sauti, nami nipo.

Wewe uliyefiwa na unayesoma haya, usiogope kumlilia Mungu kwa maneno machungu. Ameshayasikia na hajamfukuza mtu. Nawe ambaye jirani yako yumo msibani, usihangaike kutafuta maelezo ya kifo. Chukua jembe, chukua ndoo, nenda, na urudi tena matanga yakishaisha, kwa maana upweke huanzia hapo. Mimi nilirudishwa kwa Kristo na mtu aliyefanya hivyo.