Safari ya Nkambo hadi maporomoko ya Lofoi

Nyumbani kwetu Lubumbashi wamo wazee wawili wanaoitwa Nkambo. Wa kwanza ni baba yangu mzazi, aliyekuwa dereva wa misheni kwa miaka mingi. Wa pili ni gari lake, Land Rover ndefu iliyotengenezwa mwaka 1968, ambalo mapadre walimwuzia mwaka 1986 walipopata gari jipya. Watoto wakisema, "Nkambo anakohoa," hatuna budi kuuliza: "Yupi, wa miguu au wa magurudumu?"

Mwaka jana gari hilo lilikaribia kututenganisha. Mdogo wangu, ambaye ni mfanyabiashara, alikuwa amepata mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Akasema mbele ya Baba: "Gari hili linakunywa petroli kama udongo wa kiangazi unavyokunywa maji, na milango yake haifungi sawasawa. Tuliuze, tulipe karo za watoto." Maneno yake hayakuwa ya upumbavu. Mimi ni mwalimu, najua karo ni mzigo gani. Baba alisikiliza yote kwa kimya, kisha akajibu: "Wanangu, macho yangu yameingia ukungu, siwezi tena kuendesha. Fanyeni mpendavyo. Lakini kabla ya kuliuza nipelekeni Lofoi, kama nilivyokuwa nikiwapeleka ninyi kila kiangazi. Msiuze msichokijua."

Basi mwezi wa Julai, kulipopambazuka, tukapakia turubai, mikeka, mablanketi, mbabula na mfuko wa makala, unga wa bukari, samaki wakavu wa Kasenga na madumu ya maji. Mdogo wangu akashika usukani, Baba akaketi kando yake. Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tukakaa nyuma. Tukashika njia ya Kasenga, kisha tukaiacha na kuingia njia ya udongo mwekundu iendayo kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu.

Njiani Baba aliwafundisha wajukuu wake asili ya gari lile, nami nawapa ninyi somo hilohilo. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, chuma kilikuwa haba Uingereza na kiligawiwa kwa kipimo. Mhandisi mmoja, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia jipu iliyobaki ya jeshi la Marekani. Akawaza kutengeneza gari la mkulima, liwezalo kupita matopeni na kuvuta jembe. Bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu, ambayo haili kutu kama chuma. Gari likaonyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kufika mwaka 1976 yalikuwa yametengenezwa milioni moja, na la mwisho la ukoo ule wa kale lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

"Lakini bodi isiwadanganye," Baba aliwaambia. "Mifupa iliyo chini ni ya chuma, na kutu huanzia huko mahali msipopaona." Kwa sababu hiyo kila mwaka kabla ya mvua alilala chini ya gari, akasugua mifupa yake kwa burashi na kuipaka mafuta machafu ya injini. Sisi vijana tulimcheka. Leo mifupa ile bado ni mizima.

Mchana tulifika kwenye mpando. Karibu na goti la dereva mna vijiti vitatu. Kirefu ni cha gia. Chenye kichwa cha manjano huyapa nguvu magurudumu ya mbele, ili yote manne yavute pamoja. Chenye kichwa chekundu huteremsha gia zote, gari likaenda polepole kama kobe lakini kwa nguvu kubwa. Mdogo wangu akavuta chekundu, tukaanza kupanda juu ya mawe. Tulipokuwa katikati ya mlima injini ikakohoa mara tatu, ikazimika.

"Si nilisema?" mdogo wangu akanung'unika.

Baba hakukasirika. "Petroli ya mwisho mliinunua wapi?"

Tukatazamana. Mdogo wangu alikuwa amesahau kujaza dumu moja mjini, akanunua chupa chache kando ya barabara.

"Fungueni boneti. Chini ya pampu ya petroli kuna kikombe cha kioo. Mtoto atazame, macho yake ni mapya."

Tukainua boneti watu wawili, kwa maana gurudumu la akiba limelazwa juu yake. Binti yangu mwenye miaka 11 akachungulia. "Nkambo, naona vitu viwili ndani! Juu kimoja, chini kingine, na katikati kuna mstari."

"Kilicho chini ni maji," akasema mzee. "Petroli ni nyepesi, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Injini haiwezi kunywa maji."

Kwa mikono yake midogo mtoto akalegeza kikombe, akakimwaga, akakifuta kwa kitambaa safi na kukirudisha. Akasukuma kijiti kidogo cha pampu kwa kidole mpaka kikombe kikajaa tena. Baba alitega sikio wakati wote. "Sasa," akasema. Injini ikaamka. Hakuliona gari lake, ila alilisikia.

Jioni tukafika juu ya uwanda. Sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, kwa hiyo tulijionyesha kwanza kwa walinzi na kulipa kilichopasa. Majani marefu ya manjano yalienea hadi upeo wa macho. Wanyama waliokuwa wengi zamani wamepungua sana kwa sababu ya majangili. Tukafunga turubai toka paa la gari hadi miti miwili, tukawasha mbabula, tukala bukari pamoja. Usiku wa kiangazi kule juu ni wa baridi kali. Tulisongamana kama vifaranga.

Hapo Baba akamwambia mdogo wangu: "Inua kiti cha dereva. Utakuta daftari. Usome, mimi siwezi tena."

Lilikuwa limefungwa kwa mpira wa gurudumu. Ndani yake Baba alikuwa ameandika kila safari: tarehe, kilomita, kilichoharibika na kilichotengenezwa, na nani aliyebebwa. Magunia ya unga. Wanafunzi waendao mitihani. Mama mjamzito usiku. Jeneza la jirani, bila malipo. Mdogo wangu alisoma kwa sauti akiangazia kwa tochi, mara akanyamaza. Nikachungulia begani pake. Palikuwa pameandikwa jina lake, na baada yake: "Februari 1994. Homa kali. Mvua, daraja limefunikwa maji. Saa saba njiani. Tumefika hospitali. Mtoto anapumua."

Hakuna aliyesema neno. Alilifunga daftari polepole, akaenda kusimama peke yake kando ya gari, mkono juu ya mlango usiofunga sawasawa.

Asubuhi tulitembea hadi ukingo wa uwanda, binti yangu akimwongoza babu yake kwa mkono. Mto Lofoi huacha ardhi ghafula, ukaanguka mita 340 hivi kwa mruko mmoja; ni mojawapo ya maporomoko marefu kabisa katika Afrika. Baba akamwomba mjukuu: "Niambie unachoona." Mtoto akafikiri, akajibu: "Yanaanza kama shuka nyeupe, Nkambo, lakini kabla ya kufika chini yanakuwa moshi." Mzee akatabasamu. Nami nikawaeleza watoto kwamba moshi ule hukusanyika tena bondeni, maji yakaingia Lufira, na Lufira ikaingia Lualaba, mpaka mto Kongo uyafikishe baharini.

Tuliporudi mjini, mdogo wangu alimpigia simu mnunuzi na kumwambia asije. Karo tulizilipa kwa shida, kidogo kidogo, naye alichangia kuliko mimi. Siwafichi: gari bado linakunywa petroli, na mlango bado unapiga kelele.

Wazazi wapenzi, wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Si kila kikuukuu kinastahili kuwekwa. Lakini kabla ya kuuza kitu cha wazee, tuwaulize kimebeba nini. Na tuwaulize mapema, wangali wanaweza kutujibu.

Daftari limerudi chini ya kiti. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wa mtoto: "Julai. Lofoi. Watu sita. Maji katika petroli. Nimesafisha kikombe. Tumefika."