Ruhusa ya Miezi Sita

Papa alikuwa mbeba mnyororo. Nikiwaambia wanangu hivyo wanadhani nazungumzia gereza. Miaka ya 1980, jeometa wa kadastri hakwenda kupima parseli peke yake. Alifuatana na kijana wa kufyeka, mwingine wa kusimamisha fito zilizopakwa nyekundu na nyeupe, na mtu mzima mmoja mwaminifu wa kuburuta mnyororo wa chuma wa kupimia. Huyo alikuwa Papa. Siku za likizo nilimfuata na chupa ya maji, na Goma niliijua kwa hatua zake kabla ya kuijua kwa majina ya avenyu.

Kwenye kila pembe ya parseli walizika jiwe la saruji lenye namba. Haikuwa kazi ndogo, maana Goma haina udongo: unakuta shibiri moja ya mchanga mweusi, halafu mwamba. Papa alipiga mtarimbo mpaka cheche zikaruka. Jeometa alichora, majirani wa pande zote wakaitwa, wakatia sahihi au dole gumba. Baada ya hapo ndipo mwenye parseli aliweza kwenda kuomba ruhusa ya kujenga. Jiwe, karatasi, nyumba: Papa aliusema utaratibu huo kama mtu anayehesabu siku za juma, na mtu aliyeanza na nyumba alimwita mwizi, hata kama alikuwa shemeji yake.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo ndiyo tunayo mpaka leo pamoja na viraka vyake, inasema ardhi yote ya Congo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia tu, na kinga yake ni cheti cha kuandikishwa. Ikipita miaka miwili bila mtu kukipinga, hakishambuliwi tena. Mama alikiweka chake ndani ya bati la maziwa ya unga, chini ya kitanda, na kila tulipokimbia vita bati hilo lilitangulia hata sufuria.

Kulikuwa na kanuni nyingine ambayo kila mtu aliijua, awe ameisoma au la. Kwenye barabara kubwa za katikati ya mji unajenga nyumba ya kudumu, ya mawe na saruji. Mbao ni za pembezoni, na ni za mtu ambaye karatasi zake hazijakamilika, kwa kuwa nyumba ya mbao Serikali inaweza kukuambia uibomoe uihamishe. Watu waliihamisha kweli. Nimeona nyumba nzima ikipita barabarani juu ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mbao zimefungwa kwa kamba, bati juu, na mwenye nyumba akitembea nyuma amebeba mlango kichwani.

Ukiutazama mji wetu kwenye ramani utaona kwa nini kanuni zilikuwa muhimu. Kusini ni Ziwa Kivu. Mashariki ni Rwanda, mpaka unapita kati ya nyumba na nyumba. Kaskazini ni volkano ya Nyiragongo, na magharibi unakutana na Hifadhi ya Virunga. Katika nafasi hiyo iliyobaki, mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa na Kivu Kaskazini kuwa mkoa wa peke yake, Goma ikafanywa makao makuu. Kisha vita vya Masisi vya 1993 vikaleta watu, na Julai 1994 wakaingia wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu kwa siku chache, na kipindupindu pamoja nao. Wakimbizi wengi walirudi kwao mwaka 1996. Watu wa Masisi na Rutshuru walibaki, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuwaambia warudi kwenye moto.

Hapo ndipo utaratibu wa Papa ulipoanza kugeuka, na sidhani kama kulikuwa na mwovu mmoja wa kulaumiwa. Ndugu amekuja na watoto sita. Unamkatia kipande cha parseli. Parseli ya mita 20 kwa 25 ikawa mbili, baadaye nne. Chefu wa kartiye anaandika barua kwamba anamfahamu mnunuzi. Jeometa hayupo, au yupo lakini Serikali haijamlipa mshahara miaka mingi na anakula kwa wateja wake. Kila ruhusa ilikuwa ndogo na ilikuwa na huruma ndani yake. Ndosho na Katoyi zilijaa hivyo, vichochoro vikawa vyembamba kiasi kwamba jeneza lilipitishwa likiwa limeinamishwa ubavu. Papa alirudi nyumbani jioni akamwambia Mama, "Leo nimeburuta mnyororo ndani ya jiko la mtu."

Kisha, Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, mlima ukapasuka ubavuni, na moto ukashuka kupitia upande wa Munigi. Ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ukapita Murara kwetu, ukapita katikati ya mji, ukameza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Usiku tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku mbili tatu tulirudi tukikanyaga ukoko ambao bado ulikuwa wa moto, soli za viatu zikinuka.

Wakubwa walianza kusema kwenye redio juu ya kuuhamisha mji. Wakiwa bado wanaongea, watu walikuwa wameshapanga mistari ya makoro, hayo mawe meusi ya lava, kuzunguka mahali walipoamini kwamba ndipo kwao. Mji ulipimwa upya kwa kumbukumbu. Papa alikuwa amestaafu, lakini alifuatwa asubuhi na jioni: "Mzee, wewe ulitupimia, njoo." Alikwenda na mnyororo wake wa zamani. Alitafuta kitu chochote kilichochungulia juu ya lava, ncha ya paa, kisiki cha mparachichi kilichoungua, kona ya ghorofa ya jirani, akahesabu kutoka hapo. Mawe yake ya saruji yalikuwa chini, mahali pengine mita mbili, na hakuna mahakama iliyoweza kuyaita yatoe ushahidi. Jirani yetu na Mama waligombana kwa ajili ya mita moja na nusu. Papa alipima mara tatu, akasema haki ni ya jirani. Mama hakumpikia siku mbili.

Katikati ya mji, maghorofa yaliyosimama yalipoteza chumba cha chini: uliyemjua kama muuza vitenge wa chini sasa alikuwa na duka la shimoni, na dirisha la juu likafanywa mlango. Barabara mpya zilipita juu ya za zamani. Na ile kanuni ya mbao? Mji mzima ukawa wa mbao kwa miaka kadhaa, hata kwenye barabara kubwa, kwa sababu nani angewaambia watu waliounguliwa wajenge kwa saruji au waondoke? Iliitwa hali ya muda. Neno hilo, "muda", limejenga Goma kuliko fundi yeyote.

Fedha zilirudi upesi: madini ya coltan, mashirika ya misaada, watu wa Umoja wa Mataifa waliopanga nyumba kwa dola. Ufuoni mwa ziwa, majumba ya wakoloni yenye bustani yalivunjwa zikapanda hoteli, na mahali pa kuteremkia majini kuchota maji pakawa na ukuta na mlinzi. Himbi na Keshero zikawa mitaa ya matajiri. Watu wa kule wanajua kitu ambacho mnunuzi kutoka mbali hajui, mazuku, hewa nzito ya ukaa inayotoka kwenye nyufa za mwamba na kulala mabondeni. Haina harufu. Alfajiri, upepo ukiwa umelala, mbuzi anakufa amesimama, na mtoto anayekwenda haja shimoni harudi. Wazee walikuwa wanapaacha pori mahali hapo. Leo nyumba zimefika, nyingine zimechimbiwa vyumba vya chini ya ardhi, na karatasi zake zote zina mihuri. Rafiki yangu aliyejenga upande wa Lac Vert alinionyesha ruhusa yake kwa furaha. Nilimwuliza kama aliongea na wachungaji wa mbuzi. Alicheka.

Tusijifanye wasafi. Mwaka 2011 niliomba na mimi. Mume wangu alikuwa hana kazi, na mbele ya nyumba tuliyojenga juu ya lava, palepale Murara, kulikuwa na ile nafasi ambayo ni lazima iachwe kati ya jengo na barabara. Nilitaka kibanda cha kuuzia sukari, sabuni na mafuta. Nilikwenda kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana wa pale aliniita "Mama" kwa adabu yote, akaeleza kwamba haiwezekani, akaeleza tena kwa sauti ya chini namna inavyowezekana. Nililipa kilicho kwenye risiti, nikalipa na matabishi ambayo hayaandikwi. Nikapewa karatasi: ruhusa ya muda, miezi 6, kibanda cha mbao kinachoweza kuondolewa.

Papa alikuwa bado hai. Aliisoma polepole, akaikunja, akanirudishia bila kusema neno. Ningependelea anitukane.

Nimeongeza muda mara nyingi kiasi kwamba sihesabu. Mwaka mmoja walipita wakipaka misalaba myekundu kwenye kila kilichotokeza barabarani, na changu kilipata msalaba. Majirani tulichangishana, misalaba ikafifia kwa mvua. Mbao zilipooza niliweka tofali upande wa nyuma, pasipoonekana. Halafu pembeni. Sasa kibanda changu ni cha kudumu, isipokuwa uso wake.

Nilipoomba nilikuwa nimeshaona gharama yake kwa wengine. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ilishindwa kuruka, ikaendelea mbele mpaka ndani ya Birere, kwenye nyumba na maduka yaliyobanana mwisho wa njia ya ndege. Njia yenyewe ilikuwa fupi kwa sababu lava ya 2002 ilikuwa bado inaikalia. Kisha, tarehe 24 Novemba 2019, nyingine, ndogo, iliangukia nyumba za Mapendo mara baada ya kuruka. Mara zote mbili tulisikia swali lilelile: nani aliruhusu watu wakae pale? Jibu naliona kila asubuhi nikifungua duka. Aliruhusu kijana mwenye adabu, na aliyeomba alikuwa mtu kama mimi.

Kaka yangu alinunua Buhene. Hapo kuna ugomvi mwingine, kwa maana mji unasema Buhene ni yake, na wilaya ya Nyiragongo inasema ni ya utawala wa kimila wa Bukumu. Mwenye parseli anaandikiwa karatasi na chefu wa huku, na kodi inadaiwa na wa kule pia. Kaka alikuwa na karatasi za pande zote, akajiona mjanja. Jumamosi usiku tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilimwagika bila onyo, na lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, juu ya nyumba yake. Siku tano baadaye kartiye 10 kati ya 18 za mji ziliamriwa kuhama, Murara ikiwemo, tukaenda Sake kwa miguu. Niliporudi nilimkuta kaka ameshika karatasi zake mbili, hajui kati ya ofisi hizo ampelekee nani kilio. Waliambiwa wasijenge juu ya ukoko mpya. Alipanga mstari wake wa makoro kama tulivyofanya sisi miaka 19 nyuma.

Ng'ambo, Gisenyi, naona nyumba zilizojipanga. Kule mtu akianza msingi bila kibali, msingi unavunjwa wiki hiyohiyo. Zamani nilikuwa nawaonea wivu. Siku hizi nawaza nani amelala nje baada ya msingi kuvunjwa, halafu nakumbuka Mapendo, na sijui nisimame upande gani. Ila nina hakika na hili: kijana yule angeniambia hapana mwaka 2011, ningelia, na angekuwa amefanya kazi yake.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia tena mjini, kama walivyoingia Novemba 2012, safari hii wakabaki. Wenye ofisi wamebadilika. Kwenye kuta za wale waliokimbia, ndugu zao wamepaka kwa rangi nyekundu maneno tunayoyajua tangu utotoni: parseli hii haiuzwi. Bati la maziwa la Mama liko kwangu sasa, chini ya kitanda changu, na cheti chake kinaeleza kwa usahihi kabisa ardhi iliyo chini ya lava.

Hivi karibuni alikuja kijana mwingine, hana mnyororo wala fito, ana simu tu. Alisimama mbele ya duka akiigeuzageuza, akasema kwamba kwenye ramani yake mpaka wangu unapita katikati ya meza ya kuuzia. Nilimpa kiti na soda. Nikamwambia jiwe la mpaka lipo, Papa mwenyewe alilizika, na akitaka kuliona achimbe.