Rangi ya Pweza

Kinyonga amepewa jina baya katika lugha yetu. Mtu asiyeshika neno lake huitwa kinyonga, na mwanasiasa ahamaye chama hupokewa kwa jina hilo kabla hajavua kofia ya zamani. Mimi nilizaliwa kusini mwa Unguja, mahali ambapo bahari ikipwa huacha uwanda mpana wa mwamba na mchanga, na kwa watu wa huko bingwa wa kugeuka rangi si kinyonga, ni pweza. Kinyonga hugeuka polepole, kama mtu avaaye kanzu. Pweza hugeuka kabla hujafumba jicho na kulifumbua. Walakini sijasikia mtu akitukanwa kwa jina la pweza. Yamkini ni kwa kuwa tunamla, na ni vigumu kumtukana aliyekuwa kitoweo jana.

Tazama, msomaji, jinsi kazi yake inavyofanyika. Katika ngozi ya pweza mna maelfu ya vifuko vidogo vya rangi: vya manjano, vyekundu, na vya hudhurungi iliyokoza. Kila kifuko kimezungukwa na misuli myembamba iliyotawanyika kama miale ya jua, na misuli hiyo hutawaliwa na mishipa ya fahamu itokayo ubongoni. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi yake huonekana. Ikilegea, kifuko hunywea kikawa nukta. Chini ya vifuko hivyo mna tabaka ziakisizo mwanga, na nyingine zitoazo weupe. Tena pweza huinua ngozi yake ikawa vinundu na vipembe, mpaka akafanana na jiwe lililoota mwani. Wala jamii hii haiigi kila kitu. Dome, jamaa yake pweza, aliwekwa na wataalamu juu ya sakafu ya miraba myeusi na myeupe, naye akajitokeza na mraba mweupe mgongoni. Hakunakili sakafu nzima. Alichagua dalili chache, akaliachia jicho la adui limalizie lenyewe.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba fundi huyu wa rangi, kwa dalili zote zilizopatikana, hazioni rangi. Jicho lake lina aina moja tu ya kipokezi cha mwanga, na jicho la namna hiyo kwa kawaida halipambanui wekundu na ukijani wenye mng'ao sawa. Aristotle aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba pweza hujifananisha na mawe yaliyo karibu naye. Jambo lilijulikana, njia yake haikujulikana. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walionyesha kwamba kipande cha ngozi ya pweza, kilichokwisha kutengwa na mwili, hutanua vifuko vyake kinapomulikwa. Ngozi yenyewe, basi, huhisi mwanga. Lakini kuhisi mwanga si kuona rangi, na fumbo lingali fumbo.

Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine. Watafiti wa Marekani walipima oksijeni aitumiayo pweza mdogo mwekundu wa pwani ya Pasifiki, wakaona kwamba kugeuza rangi ya mwili mzima humgharimu nguvu karibu sawa na zile ziendeshazo mwili wake wote anapopumzika.

Niliposoma hayo niliweka karatasi chini. Nyumbani kwetu tunasema Kikae. Chuoni nafundisha kwa Kiswahili Sanifu, na nimekisema kwa zaidi ya miaka 20. Nirudipo kijijini hupita siku nzima kabla ulimi haujakaa mahali pake, na katika siku hiyo vijana hucheka wakasema mwalimu amekuwa mtu wa mjini. Darasani mambo hupinduka: neno moja la Kikae likiniponyoka, wanafunzi hutazamana. Huku naitwa mwenye maringo, kule naonekana sijastaarabika, na pande zote mbili hudhani kwamba kugeuza lafudhi ni jambo jepesi, afanyalo mtu kwa kupenda kwake. Hakuna aulizaye gharama. Nami nasema ni kazi ya misuli, na jioni mwenye kuifanya amechoka.

Shangazi yangu huvua pweza wakati wa bamvua, kwa kichuma kirefu kilichochongoka. Siku moja niliyofuatana naye mwambani, nilikuwa nikikazia macho rangi za mawe. "Rangi mwachie mwenyewe, mwanangu," akaniambia. "Wewe tafuta mlango." Mlangoni pa pango la pweza hubaki maganda ya kaa na makombe aliyokwisha kula, pamoja na vijiwe alivyojikusanyia. Ngozi yake haina amri juu ya taka zake. Shangazi hakuutazama mwamba wote kama mimi. Alipita akisoma vizingiti, na penye maganda mapya aliinama.

Pweza alipotolewa, mawimbi ya rangi yalimpita mwilini, wekundu ukifukuza hudhurungi na kijivu kikifuata, rangi zisizofanana na kitu chochote kilichokuwa karibu. Sikujua alikuwa akijificha asionwe na nani. Kisha misuli ikalegea yote, vifuko vikanywea, akawa mweupe. Weupe ule ndio rangi asiyoilipia.

Pwani alikuwa akingoja mnunuzi kutoka mjini, na mizani yake. "Shikamoo, mama," akasema. Shangazi akaitikia, wakapatana bei kwa Kiswahili cha mjini kisicho na doa; kama ningefumba macho nisingejua kwamba ni yeye. Alipokwisha kuzihesabu fedha mara mbili, akanigeukia, akaniamuru kwa Kikae nichukue ndoo.